Nyama Isiyoliwa na Nyumba Moja

Mama mkwe akikujia na gunia huulizi lina nini. Unalipokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unaamkia, kisha unangoja alifungue mwenyewe. Elieth alifanya hivyo Ijumaa ile, siku mama Hana alipofika Mkonze, pembeni ya mji wa Dodoma, kumhudumia mzazi. Mzazi ndiye Elieth mwenyewe. Thobias, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na wiki sita tu. Baba wa mtoto, Damas, alikuwa safarini na gari la wizara.

Gunia lilikuwa la karanga. Chini ya karanga kulikuwa na mfuko wa sandarusi, na ndani ya mfuko nyama kavu, nyeusi, ngumu kama magome ya mti. Mama Hana alisema ni ya tandala. Gerson, kitindamimba wake anayeishi naye kijijini chini ya vilima vya Kongwa, alimwambia ameipata kwa wawindaji wenye kibali, waliomgawia kwa kuwa aliwabebea mizigo.

"Mzazi bila supu ni kisima bila maji," mama Hana alisema, akacheka mpaka pengo lake likaonekana. "Kunywa, mjukuu wangu ashibe."

Elieth alikuwa karani wa masijala, na kazi yake ilikuwa karatasi. Alijua kibali huja na karatasi, na gunia lile halikuwa na hata moja. Mjini kulikuwa na bucha la nyamapori ambako mtu alinunua kilo yake, akapewa risiti, akaondoka kifua mbele. Swali lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza. Mkwe haulizwi risiti.

Kesho yake mama Hana aliiroweka nyama kwenye beseni tangu asubuhi, kisha akakaa kwenye kigoda cha jikoni kuisafisha. Mikono ilipofanya kazi mdomo nao haukulala. Alimsimulia Elieth habari za marehemu mumewe, Bartolomayo, aliyewinda kwa upinde na mbwa wawili enzi ambazo njaa ikiingia Ugogo ilipita mlango kwa mlango kama mhesabu watu. Mzee yule alikuwa na miiko yake. Masika hakutoka, kwa sababu majike yana mimba. Jike lenye mtoto hakuligusa, hata kama wanawe mwenyewe walilala kwa maji matupu. Akimjeruhi mnyama alimfuata mpaka ampate. Safari moja alifuata siku mbili, akarudi miguu imevimba, akasema maumivu uliyoyaanzisha wewe humwachii fisi ayamalize. Na mtego wa waya hakutaka hata kuuona.

"Waya hauna macho," mama Hana alisema. "Mwenye upinde anamtazama anayemuua. Waya unakamata yeyote."

Hapo kisu kikasimama. Elieth alidhani amejikata. Mama Hana alikuwa ameshika kipande cha mguu, juu kidogo ya kwato. Maji yalikuwa yamekilainisha, na ndani ya nyama, hadi mfupani, palionekana mfereji uliouzunguka mguu wote. Akaingiza ukucha, akavuta uzi mmoja wa chuma uliokatikia humo. Kisha akaanza kupekua beseni harakaharaka, kama mtu aliyedondosha pete, mpaka akakipata alichokuwa akikiogopa. Kiwele. Kilikuwa kimekaushwa pamoja na nyama nyingine, na kukauka hakukuficha jinsi kilivyokuwa kimejaa.

"Alikuwa ananyonyesha," akasema.

Elieth, ambaye dakika ile alikuwa na mtoto titini, alitazama ukutani.

Mfereji kama ule, mama Hana alieleza polepole, si wa saa moja. Mnyama alikuwa amevuta siku mbili, labda tatu, na ndama wake karibu naye, akisubiri. Wawindaji wenye kibali hawategi waya. Gerson alikuwa amemdanganya mama yake, na alikuwa amemdanganya kwa mdomo uleule uliojifunza miiko ya baba yake.

Elieth alipendekeza waitupe. Mama Hana akatikisa kichwa mara moja tu.

"Ameshauawa vibaya. Tukimtupa jalalani tutakuwa tumemuua bure vilevile. Mpike, mwanangu. Mpike vizuri."

Wakapika nusu yake, wakaunga kwa karanga za kusaga. Mama Hana hakuonja hata mchuzi, lakini kabla ya mtu yeyote kula alipakua bakuli la kwanza akamkabidhi Elieth apeleke kwa jirani. Huo nao ulikuwa mwiko wa mzee. Nyama ya porini hailiwi na nyumba moja. Ng'ombe umemlisha, alisema, ukimla peke yako ni haki yako. Huyu hukumlisha wewe.

Jirani alikuwa Munira, mwalimu wa shule ya msingi, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa kuswali. Alilifunua bakuli, akavuta harufu, akauliza kama leo Wagogo wamegombana na mlenda. Wakacheka. Kisha akauliza swali ambalo kila jirani wa Kiislamu humuuliza jirani wa Kikristo, nchi nzima, bila ugomvi.

"Kachinja nani, mama Thobias?"

Jina lolote lingetosha. Angesema ni ya kununua buchani, na jambo lingeishia pale mlangoni. Lakini Elieth alilelewa akijua kwamba kumlisha mtu kibudu kwa kumficha ni dhambi inayokuangukia wewe, si yeye.

"Usile, mwalimu," akasema. "Hakuchinjwa. Ni tandala, amefia mtegoni."

Munira alimrudishia bakuli kwa mikono miwili, akamshika bega, akamwombea kheri. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, hakuweza kukaa na wema wa mwenzake bila kuutangaza. Jumapili bombani aliwaambia wanawake kwamba wao wanahangaika kutafuta majirani wa dini moja, ilhali yeye ana Mkristo aliyekataa kumlisha kibudu, na angeweza, na nani angejua? Umbea huwa unapunguza na kuongeza. Sifa ile haikupunguza kitu. Ilitoka bombani na kila neno lake: tandala, mtego, nyumba ya Damas.

Jumatatu alasiri walikuja watu watatu, wawili wakiwa na sare za kijani za askari wa wanyamapori, wa tatu mwenyekiti wa mtaa aliyetembea akitazama viatu vyake. Askari kijana alimwamkia mama Hana kwanza. Shikamoo bibi. Marahaba, baba. Kisha akauliza ile nyama iliyobaki kwenye mfuko ni ya nani.

Elieth alifungua kinywa.

"Yangu," mama Hana alimtangulia. "Huyu mke wa mwanangu hajui kitu. Amekulia mjini. Mpe paka umwambie ni sungura, atakuungia nazi."

Mwenyekiti alicheka bila kupenda, akakohoa kuficha kicheko. Askari aliuliza ameipata wapi. Mama Hana akasema ametega mwenyewe. Kijana akamtazama mikono, akamtazama mgongo uliopinda.

"Bibi, kwa umri huo unatega tandala?"

"Mume wangu alikuwa mwindaji. Unadhani mimi nilikuwa nashona vitambaa?"

Elieth alikaa kimya. Alijiambia anakaa kimya kwa ajili ya mtoto, kwamba akisema alijua watabebwa wote wawili na Thobias atanyonya mahabusu. Ilikuwa kweli. Lakini alijua pia kwamba hata asingekuwa na mtoto angekaa kimya, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Wakampakia mama Hana kwenye gari lao, kiti cha mbele, kwa heshima, na mfuko wa nyama nyuma.

Munira alikuja akilia, hawezi hata kusema. Elieth alimkalisha, akamwambia hakukosea. Kisha wakabaki wanamtazama mtoto.

Damas aliporudi safari aliambiwa yote, mpaka ule uzi wa chuma. Alizunguka uani kama mbwa aliyefungwa. Elieth akamwambia aliloona ni wazi: mama anambebea Gerson mzigo wake, na Gerson akijitokeza mama atapona. Damas akasimama.

"Yule ni mama, na yule ni mdogo wangu. Chochote unachotaka nifanye, Elieth, usiniambie nichague."

Basi Elieth ndiye aliyechagua. Alikwenda mahabusu, akamkuta mama Hana amepungua ndani ya siku nane kama aliyefunga mwezi mzima. Alipomtajia Gerson, mama Hana aliinua kidole. Hataki aje. Hataki pole yake. Anataka jambo moja.

"Mwambie akang'oe nyaya zote. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Nikisikia amezing'oa, huu mzigo utabebeka."

"Na asipozing'oa, mama?"

Mama Hana hakujibu, na katika kutojibu kule Elieth aliona mlango mdogo wa matumaini. Huenda asipozing'oa, mama atamtaja.

Kijijini, Thobias akiwa mgongoni, alimkuta Gerson anaziba tairi la baiskeli. Aliposikia ujumbe wa mama yake alilia kweli, si machozi ya kuonyesha. Alilia mpaka wanawe watatu wakatoka ndani kumtazama. Kisha akajitetea. Uwele umeungua shambani miaka miwili mfululizo. Baba aliwinda wakati wanyama walikuwa wengi na watu wachache. Upinde siku hizi utamlaza mtu njaa. Wazungu wanalipa, wanaua, wanapiga picha wamekanyaga mzoga, na wanaitwa wageni wetu. Yeye akilisha watoto anaitwa jangili. Mengine Elieth aliyaona yana haki ndani yake. Akasema tu kwamba tandala alikuwa ananyonyesha, na kwamba waende sasa hivi wakang'oe, atamsaidia.

Gerson alisema kesho. Askari wanapita, alisema. Kesho.

Elieth alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kumwosha mtoto. Pale, juu ya uchanja, palikuwa na nyama imeanikwa. Mbichi, nyekundu, nzi wameshaijua. Ilikuwa ya juzi, kama si ya jana.

Gerson alikuwa amemfuata. Alisimama, mikono ina gundi ya tairi, hakujaribu hata kudanganya.

"Ni ya wakili, shemeji," akasema. "Kuna mtu anainunua. Mama hawezi kwenda mahakamani bila wakili."

Elieth alirudi Dodoma na jambo hilo tumboni. Angeweza kulificha. Lakini alikuwa amesubiri siku nyingi mama Hana alitaje jina moja, na aliamini kwamba ukweli huu ndio utakaolitoa. Kwa hiyo alimweleza bila kupunguza: kilio, kesho, uchanja, wakili.

Mama Hana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nyama ya nini?"

"Sikuitambua, mama. Ilikuwa ndogo."

"Ndogo," mama Hana akarudia.

Mlinzi akasema muda umekwisha. Elieth akamshika mkono, akamwomba, kwa sauti ya chini, aseme jina. Aseme tu. Mama Hana aliuangalia ule mkono kama anayeangalia kitu cha mtu mwingine.

"Mimi ndiye niliyemzaa, mwaka ukiwa wa njaa," akasema. "Baba yake alitoka masika ile, Elieth. Miiko yote alikuwa nayo, na akatoka. Alileta jike. Nikala, nikapata maziwa, Gerson akaishi. Hatukumwambia mtu." Akajifunga kitenge chake vizuri, akasimama. "Thobias ananenepa?"

"Ananenepa, mama."

"Vizuri."

Siku ya kesi ukumbi ulijaa watu waliokuja kwa mambo yao. Damas alikaa karibu na mkewe, viganja vimefunika uso. Karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili kilichonyooka: kukutwa na nyara za serikali, bila kibali, nyama ya tandala, kilo kadhaa. Akamuuliza mshtakiwa anajibu nini.

"Ni kweli," mama Hana akasema.

Hakimu alimwomba apaze sauti ili iandikwe. Elieth alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kuamua; aliona tu kwamba yuko wima, mtoto begani, na maneno yote yamepangana mdomoni, tayari. Mama Hana akageuka kizimbani akamtazama. Hakumwonya, hakumsihi. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye, na Elieth akakaa.

"Ni kweli," mama Hana akarudia, safari hii mpaka waliokuwa nje ya dirisha wakasikia.

Gerson alikuja, kumbe. Alikuwa benchi la nyuma yao, na shati safi, na barua ya wakili mkononi, amechelewa. Jina lake lilipopita bila kutajwa, alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeokoka, na Elieth akaisikia ikimpitia shingoni.