Peramiho, Bado Wawili

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili, saa moja asubuhi, Zulfa alipanda ngazi kwenye kituo cha mafuta kinachotazamana na stendi ya Songea, akabadilisha namba za bei kama afanyavyo kila mwezi. Alichomoa ya mbili, akapachika ya nane. Alipoteremka, haisi ya Optatus ilikuwa imezima injini ng'ambo ya barabara, na Optatus mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akiita, "Peramiho, Peramiho, bado wawili!"

Ndani ya haisi, siti ya tatu dirishani, alikuwa Domina, mke wa Kajetani wa Majengo. Alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili. Lilikuwa likimkata tangu alfajiri, na mumewe alikuwa anampeleka hospitali ya misheni huko Peramiho. Zamani Optatus aliondoka hata na siti tano tupu, akaokota watu njiani. Siku hizi gari lisipojaa linamla mwenye gari, kwa hiyo alisubiri. Saa mbili ilipita, bado wawili. Saa tatu ilipita, bado wawili. Saa nne kasoro Domina alilaza kichwa kwenye bega la mumewe, na Kajetani akashukuru kwamba amepata usingizi.

Kajetani aliposhuka amempakata, Optatus hakuita tena. Siti tupu zilikuwa zimefika nne.

Majengo habari haihitaji simu. Kabla ya adhuhuri nyumba ya Kajetani ilikuwa imejaa mpaka uani: wanawake na unga, maharage na kuni zao, wanaume na viti vya kuazima. Bibi Kunegunda, mama wa marehemu, alifika kutoka Namtumbo kesho yake asubuhi, akakalishwa kwenye mkeka. Mazishi yakapangwa saa tisa alasiri.

Makaburini aliwatangulia Chande. Huyu ni Myao wa Nalasi, fundi cherehani pale sokoni, na kwa kuwa ni Myao ni mtani wa Wangoni. Msiba wa Mngoni bila mtani haujakamilika. Mtani huziba njia, huficha majembe, humtukana marehemu na ukoo wake, mpaka apewe chochote ndipo aachie. Chande alikuwa amekaa juu ya mahali palipopigwa mstari wa kaburi, miguu ameinyoosha, majembe yote mapajani.

"Nyie Wangoni," alisema, "babu zenu walikuja huku kwa miguu kutoka Afrika Kusini, wanapigana na kila mtu njiani. Leo mnashindwa kufika Peramiho mpaka gari lijae?"

Watu walicheka. Hata Bibi Kunegunda aliziba mdomo kwa kanga.

"Toka hapo, mla panya wewe," alijibu mjomba mmoja.

"Sitoki. Kaburi la dada yangu huyu halichimbiki, wallahi, mpaka aje mwenye kosa la hii bei ya mafuta, ashike jembe kwa mkono wake."

Walimpa jogoo mmoja na soda mbili. Chande akapokea, akajipangusa vumbi, akagawa majembe. "Haya, chimbeni."

Udongo wa pale ni mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mtoto angeuchimba kwa kijiko. Jembe la kwanza liligonga chini, likaruka. La pili likaruka. Sururu ilipinda. Chande alirudisha jogoo, akasema amefuta maneno yake, akasema tena, akasema mara ya tatu akiwa amepiga magoti. Haikusaidia. Katekista Alfonsi alipapasa udongo kwa kiganja, ukawa laini kama kawaida, akasema basi itabidi atafutwe mwenye kosa.

Jeneza likarudi nyumbani, likawekwa barazani juu ya mabenchi mawili ya kanisa. Domina hakuharibika. Ni nywele tu zilizoendelea kukua, na mdogo wake Ekaristia alizifumua na kuzisuka kila Jumamosi huku akimpa umbea wa wiki: nani kaachika, nani kanunua bajaji, nani alikuja msibani na sahani yake kubwa. Wapita njia walibisha hodi, wakamsalimu, wakaingia uani kula.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Optatus. Alikuja bila ubishi, akashika jembe, akapiga. Ulitoka udongo wa kujaa kiganja, baada ya hapo jembe likawa linaruka.

"Kosa langu ni hilo hapo, mmeliona," alisema. "Mimi nasubiri abiria kwa ajili ya mafuta. Muulizeni Zulfa."

Zulfa alikuja na sare yake ya kazi, analia. Alitoa udongo wa kujaa kifuniko cha chupa.

"Mie nabadilisha namba tu, jamani. Sizitungi. Tajiri akinipigia simu kwamba weka nane, naweka nane."

Tajiri wake, Mzee Abdulswamadu, alikuja na gari lake, akapokea shikamoo zote, akavua koti. Wengi walitegemea jembe lake lizame hadi mpinini, na wengine walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo tu. Alitoa viganja viwili.

"Mnaona wenyewe," alisema, akihema. "Mafuta yanasafiri karibu kilometa elfu moja kutoka Dar mpaka hapa. Ninachobakiza mimi ni cha kulipia taa za kituo. Muulizeni anayeyaleta."

Aliyeyaleta alikuwa Daudi, dereva wa lori la tenki. Alisimamisha lori kando ya makaburi, akapiga jembe mara moja, akapata kiganja, akasema yeye analipwa kwa safari, hajui lita, na mafuta anayakuta bandarini yameshapanda. Zikapita wiki mbili, akaja mheshimiwa mmoja wa ofisi ya serikali inayotangaza bei, mwenye tai na bahasha. Alieleza kwa upole kwamba bei haipandishwi na mtu. Inapandishwa na kanuni. Kuna bei ya dunia, kuna dola, kuna meli, kuna tozo za barabara, vyote vinajumlishwa.

"Basi hiyo kanuni ije ishike jembe," Chande alisema.

"Kanuni haina mikono, ndugu yangu."

"Dada yangu alikuwa nayo. Amelishikilia tumbo nayo mpaka akafa."

Mheshimiwa alipiga jembe, akatoa viganja vitatu, akapangusa viatu. Alisema chanzo hasa ni vita huko ng'ambo. Watu wakatazamana.

"Vita gani hiyo," Bibi Kunegunda aliuliza, "inajua njia ya kuja kuua Songea, halafu njia ya kuja kuzika haiijui?"

Mheshimiwa aliandika swali hilo kwenye karatasi, akaahidi kulifikisha. Katekista Alfonsi naye aliandika barua ya kuialika vita mazishini, akaipeleka posta. Majibu hayakuja. Mashimo yote yaliyochimbwa kwa wiki hizo zote yalikuwa yamekusanyika yakawa kishimo kimoja, kiasi cha kuku kuoga vumbi.

Matanga hayaanuliwi kabla ya maziko, kwa hiyo watu hawakuondoka. Walilala, waliamka, walikula. Mchele uliisha, ukanunuliwa mwingine. Mahindi ya Kajetani kule shamba yalikuwa yanageuka njano, yanadai mbolea, lakini mfiwa hashiki jembe la shamba wakati maiti iko barazani, na hela ya mbolea yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye masufuria ya msiba. Alikonda. Alikuwa anakaa kichwani mwa jeneza tangu asubuhi mpaka jua linazama, anafukuza kuku wasipande juu.

Siku moja Bibi Kunegunda alijikokota na mkeka wake, akaja kukaa karibu naye.

"Mkwe," alisema, "siku ile zilibaki siti ngapi?"

"Mbili, mama."

"Mfukoni ulikuwa na hela?"

"Nilikuwa nayo. Ya mbolea."

"Ya kutosha siti mbili?"

"Ya kutosha siti kumi, mama. Sikuwaza. Mimi nilikuwa naangalia mlangoni, nasema sasa hivi watakuja hao wawili."

Bibi aliweka mkono wake juu ya mkono wa mkwewe, jambo ambalo kwa mila halifanywi, akauacha hapo. Baadaye Kajetani alisimama, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda makaburini peke yake katikati ya mchana.

Pigo la kwanza lilizama mpaka mpinini.

Watoto walikuja mbio kusema. Nyumba nzima ikamiminika, wapishi na miiko yao mikononi. Walimkuta yuko ndani mpaka kiunoni, udongo mwekundu unaruka juu kama wa mtu anayechimba mchanga wa mtoni. Chande aliruka shimoni, akamnyang'anya jembe.

"Niachie shemeji! Mwenye mdomo ni mimi. Lawama hii nipe mimi!"

Alipiga, likaruka. Alipiga tena, likaruka, akavunja mpini. Kajetani alipokea jembe jingine, akaendelea. Optatus alikuwepo, Zulfa alikuwepo, na Mzee Abdulswamadu alipita na gari, akapunguza mwendo, akatazama, akaongeza mwendo. Mjomba yule alisema labda udongo umekosea. Katekista Alfonsi alisema udongo haukosei, ila nao umechoka kusubiri. Shimo lilipompita Kajetani kichwa, walimvuta kwa kamba.

Domina alizikwa saa kumi, nywele zimesukwa upya. Chande alilia. Mtani haruhusiwi kumlilia mtani wake, kwa hiyo kesho yake alijitoza faini ya kuku, akamleta mwenyewe kwa Bibi Kunegunda.

Tangu siku hiyo makaburi yale yako hivyo. Vijana waliokuwa wakilipwa kuchimba wameacha, wamekwenda kwenye bodaboda, kwa sababu majembe yao hayaingii. Ukifiwa unachimba mwenyewe, na haichukui muda. Watu wamezoea. Mfiwa akitoka na jembe, wengine humbebea maji ya kunywa.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu, Zulfa alipanda ngazi, akachomoa ya nane, akapachika ya tisa. Kajetani alikuwa anakatiza stendi kwa miguu, anakwenda kuyaona mahindi yake ya njano. Alisikia, "Peramiho, Peramiho, bado wawili!" Dirishani, siti ya tatu, mama mmoja aliyevimba miguu alikuwa ameegemea kioo, amefumba macho.

Kajetani hakuwa na shughuli yoyote Peramiho. Alijipapasa mfukoni, akatoa nauli, ikatosha mtu mmoja. Akaingia, akakaa karibu na yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Optatus, akiwa kwenye usukani, alimtazama kwenye kioo cha kuonea nyuma, kisha akatazama barabara. "Peramiho, bado mmoja," aliita, akazima injini asichome mafuta.