Sura ya Mtekaji

Kaka yangu ana kovu lililoanzia sikioni likaishia kidevuni. Alikuwa anatengeneza gari la mtu, mfuniko wa rejeta ukamrukia na maji ya moto yakamalizia. Kazi yake ni kubeba watoto wa chekechea kwenye kigari chake cheupe chenye mlango uliobonyea, huku akiwaimbia kwa sauti ambayo peke yake ingetosha kumfungulia mashtaka.

Watu wa sinema walipokuja mtaani kupiga filamu ya upelelezi, mwongozaji alimwona kaka akipangusa kioo, akatangaza hapo hapo kwamba mtekaji kapatikana. Kama anajua kuigiza, hakuulizwa. Gari nalo wakalichukua vile vile lilivyo, na ubonyeo wake. Mimi niliyekwenda kuchungulia tu nikavishwa koti nikawa askari mpelelezi, eti nina sura ya kuaminika. Sura hii hii ambayo sukari ikipungua nyumbani, mama huanza kuihoji yenyewe.

Kaka aliuliza kwa adabu kama huyo mtekaji hawezi kuwa na sababu, labda ana mgonjwa nyumbani. Mwongozaji akacheka, akamwambia sababu anayo shavuni.

Filamu ikatoka, mtaa mzima ukaitazama. Kaka anamvizia mtoto, anachuchumaa, anamwita kwa upole, kisha anamtupa garini na kuubamiza mlango ule ule. Mimi naibuka na bastola ya plastiki, namkomboa mtoto. Nyumbani tulicheka hadi mama akashika mbavu.

Jumatatu asubuhi kaka akapiga honi kwenye nyumba ya kwanza. Akatoka binti mdogo, yule ambaye kila siku hugombania kiti cha mbele. Akauona mlango. Mkojo ukamtoka pale pale, amesimama na begi lake mgongoni. Kaka akashuka, akachuchumaa ili amweleze kwa upole kwamba ule ulikuwa mchezo tu. Masikini kaka. Mtoto alipiga yowe mpaka majirani wakatoka.

Kabla ya mchana mwalimu mkuu alishampigia simu. Yeye binafsi hakuwa na shaka naye, alisema, ila wazazi ndio hivyo tena. Halafu akauliza kama mdogo wake, yule askari, anaweza kushika usukani, maana watoto wanampenda.

Leseni ninayo. Ninayo pia kesi ya tangi la maji la jirani, nililolipasua nikirudisha gari nyuma.

Kaka akanipa funguo. "Chukua. Ukikataa watamleta mtu asiyewajua watoto."

"Kaka, mimi nitawaua hawa watoto."

"Basi endesha taratibu."

Kesho yake watoto walipanda wakinipigia saluti. Kwenye kona niligonga ukingo wa barabara, wakashangilia. Wazazi wakanipungia mkono. Yule binti, amekaa kiti cha mbele, akaniuliza kama yule mtu mbaya nimeshamfunga. Mimi, ambaye mdomo wangu hulala mwisho nyumba nzima, nikamjibu kwa honi.

Niliporudi nilimkuta kaka amekaa kizingitini, simu sikioni. Aliyepiga alikuwa mwongozaji, ana filamu nyingine. Kaka alisikiliza, akiliangalia gari lake likiwa na mchubuko mpya.

"Sawa," akasema. "Safari hii namteka nani?"