Neno la Pili la Sajenti

...na buti lile la kushoto bado limelala pale mlangoni soli juu, linatazama dari, nami nimekaa na chaki mkononi najizuia nisiinuke kuligeuza, maana kwetu kiatu hakiachwi kikitazama mbingu, mtoto hufunzwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba zake, lakini leo sijui kwa nini Sajenti Okullo ananitazama mimi, kisha buti, kisha mimi tena, na swali lake ameshalirudia, "Mwalimu, Kizungu ya kusahau iko moja tu?"... moja tu, ingekuwa moja tu mimi ningekula wapi, Waingereza kwa kusahau wana maneno kama mpishi wa arusi alivyo na sufuria, forget ni la kila mtu, jambo limetoka kichwani basi, overlook jicho limepita lisitue, neglect ni la aliyepewa kitu akitunze akakipa kisogo, omit umekiruka, umekiacha nje, na mara nyingi wajua kabisa kwamba umekiacha... nayapenda maneno haya, sikatai, hujiuliza ni watu gani waliokaa kitako wakapima usahaulifu wao kijiko kwa kijiko, walikuwa wamesahau nini hata ikawabidi, "Yako mengi, Afande," nasema, "inategemea mtu amesahau nini," na papo hapo nauma ulimi, Hajara wewe, siku hizi Kampala nani humuuliza polisi amesahau nini, mdomo huponza kichwa... mlango wa sebule uko wazi kama siku zote, mwanamume asiye ndugu hafungiwi mlango na mwanamke hata akija kusoma, na Mama yuko pale ukumbini anamenya karanga, ndiye shahidi wetu, masikio yake mazito lakini macho ya mwewe, na Okullo anaishusha sauti, "Mimi nasahau mlango. Ya lokapu. Nakula mchana, usingizi nakuja, natoa buti, nalala kwa benchi. Kufuli mimi nasahau. Hiyo nasahau kweli kweli"... kumbe ndiyo hiyo baraza ya kesho ya kumhoji, aliyoingia akiitaja, wakubwa wa jeshi wamekuja juu, na mwenyekiti wao anataka kila mtu ajieleze kwa Kiingereza, na Okullo ni Mlango, wa kabila la Lango si wa kufuli, tangu jeshi lishike nchi watu wa kwao wamepungua kazini, wengine wamepungua duniani, kwa hiyo neno ninalompa sasa ndilo atakalosimama nalo, nikimpa neglect kajitia kitanzi mwenyewe, ni neno la mashtaka lile, forget ni la mjinga, na mjinga huchapwa, huvuliwa tepe zake, lakini labda hurudi nyumbani kwa mkewe Aloyo... "Sema forget," namwambia, "I forgot," naye anaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu penseli inasimama, "Lakini iko ingine, Mwalimu. Iko ya pili"... ya pili gani tena, "Mimi nafungua jicho, naona mtu moja natoka. Moja ya hawa jeshi naleta, kwa kitabu hapana jina, hapana kitu. Anapita mimi, anafika mlango, jua iko nje. Halafu narudi." Narudi? Nani hurudi, mlango uko wazi, mtaa uko mbele yako, ni wazimu gani huo, nataka kujua, Mungu nisamehe lakini nataka kujua kuliko ninavyoogopa, "Alirudi kufanya nini, Afande?" na Okullo anatazama buti lake pale kizingitini, "Buti yangu naanguka vibaya. Yeye nageuza na kidole ya mguu. Pole pole. Halafu naambia buti, pole bwana. Halafu nakwenda"... pole bwana... kugeuza kiatu hugeuza kila Mwislamu wa mtaa wetu huu wa Kisenyi, hilo halinishangazi, lakini kukipa kiatu pole, hilo namjua mmoja tu chini ya jua hili, Uthman, kaka yangu, tangu ana miaka mitano, sisi tukimcheka naye anazidi, "pole bwana ndara, pole bibi kiatu," Uthman waliyemchukua wanajeshi gerejini kwake mchana kweupe kabla ya Idd, grisi bado mikononi, na mimi tangu siku hiyo sijathubutu kutaja jina lake mbele ya huyu mwanafunzi wangu wa Jumatano... yu hai, ametoka kwa miguu yake, yu hai, furaha inanipanda kooni hadi nataka kucheka, na huyu je, ananipa habari au ananitega, kwa sababu somo la kwanza kabisa buti lake lilipinduka hivi hivi nami niliruka kuligeuza, akacheka, nikamweleza, na tangu hapo huyapanga vizuri kama yako gwarideni, iweje leo moja tu lilale, ameliweka yeye... "Mimi nakumbuka wewe," anasema, sauti ndogo, "nafunga macho tena. Ile mimi hapana sahau. Kizungu yake nini?"... anayetega mtu hajifungi kamba yeye kwanza, haya aliyosema yanamtosha kufa mara mbili, jasho linamtoka puani, naye anauliza jina la tendo lake kama mtu anayeuliza jina la mtoto, na jina lipo, ninalo, omit, ukaacha kumwona, nalo kesho likimponyoka mbele ya wale amekwisha, "Hilo halina Kizungu, Afande," nasema, "kesho lako ni moja, I forgot, kisha funga mdomo," naye anarudia, "I fogoti, I fogoti"... na Mama kule na karanga zake, Mama anayeuliza kila alfajiri kama kuna habari, nikimwambia atapiga kigelegele kitakachosikika hadi kambini, kwa hiyo hata yeye nimwache nje ya furaha hii, leo, kesho, hadi huyu apone, kumnyima mama mzazi habari ya mwanawe, hilo nalo ni neno gani, Waingereza walilipima nalo hilo... "Hajara!" anaita kutoka ukumbini, "kiatu cha mgeni kimepinduka, hukioni?" na Okullo ameshika penseli ananitazama, bado anangoja neno lake la pili, na buti limelala pale pale, soli juu. "Nakiona, Mama," nasema, wala siinuki.