Waya Uliopita Chini ya Turubai

Mguu wangu mmoja ulikuwa upande wa wanaume, mwingine upande wa wanawake, na waya ulikuwa umeisha. Nilipouvuta kidogo spika ikakoroma kule nyuma, na Abdulrazaq akafoka, "We Mwanajuma, utaniangushia spika!" Mbele yangu, juu ya mikeka, wanawake wa Salale walikuwa wananitazama kama kuku aliyeingia sebuleni. Gitaa la besi begani, mtandio umeniteleza, jasho linanichuruzika. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Vijana wa Ikwiriri wanaonunua magitaa ya kung'aa huniuliza mpaka leo niliingiaje kwenye bendi. Wanataka niwatajie nyuzi nilizotumia. Nyuzi! Wallahi kilichoniingiza ni waya, tena haukuwa wangu.

Gitaa lenyewe lilikuwa la Mjomba Bushiri, kaka yake mama. Alipiga besi kwenye bendi ya Abdulrazaq tangu mimi sijazaliwa, mpaka kiharusi kilipompooza mkono wa kushoto, vidole vikawa havimsikii tena. Nilikuwa nimeshaanza kujifunza kwake, pale uani kwetu Mtawanya, na majirani wameshasema mpaka wamechoka. Mjomba hakunifundisha kwa spika. Aliniketisha mbele ya mama na jirani yetu wakitwanga mpunga kwenye kinu kimoja, mchi unapanda, mchi unashuka, akaniambia niweke sauti yangu hapo katikati.

"Usimsikilize mwimbaji," alisema. "Mwimbaji ana mdomo, atajitetea. Wewe fuata miguu ya watu. Besi ni ya miguu."

Nikikosea, mama aliacha kutwanga akanikodolea macho, na hiyo ilitosha. Nyuzi zikichoka tulizichemsha kwenye sufuria ya chai mpaka mafuta ya vidole yatoke, tukazianika kwenye kamba ya nguo, zikarudi kulia vizuri. Mama alilalamikia sufuria yake kila mara, lakini hakuificha.

Abdulrazaq, mpiga kinanda na mwenye bendi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa midomo ya watu. "Mwanamke na besi harusini, watu wataniambiaje?" Kwa heshima ya Mjomba akanipa shughuli moja ya kunijaribu, singo huko Salale, ndani ya delta, siku wanawake wanapomsinga bibi harusi kwa liwa kabla ya ndoa. Nikiiweza, nafasi ya Mjomba ni yangu. Nikishindwa, nirudi kulima ufuta. Na ili asipate hasara akamchukua Nassibu wa Ikwiriri awe akiba. Akiba, kama tairi!

Tulipanda boti ya mashine Nyamisati asubuhi, vyombo vimefunikwa nailoni. Nassibu alikaa karibu yangu, kalipakata gitaa lake kama mtoto mgonjwa.

"Dada Mwana, hizo nyuzi zako zina umri gani?"

"Zimekuzidi."

Akacheka, akafungua mfuko nilione. Jekundu, nyuzi tano. "Huu wa tano ukiugonga, mtu anausikia tumboni."

"Na huo wa kwanza umeshaumaliza?"

"Dada una mdomo wewe!"

Basi tukaanza kuongea kama watu wa kazi moja. Tuliongea juu ya mikanda inayokata bega, na spika zinazochanika kwa sababu mwenye harusi anataka asikike mpaka kijiji cha pili. Akanionyesha waya wake, mnene, mrefu, umezungushwa vizuri kama kamba ya jahazi. Alisema aliusaka Kariakoo siku nzima kwa sababu hapendi kupiga amefungwa karibu na spika kama mbuzi. Wangu ulikuwa mfupi, umefungwa gundi ya karatasi mahali ulipokatika. Akaniambia pia kwamba hewa ya delta hupinda shingo ya gitaa, yeye hulegeza nyuzi kabla ya kuvuka. Hilo sikulijua. Nikalegeza zangu palepale, katikati ya mikoko, naye akanishikia gitaa. Ningependa kumchukia, ingenirahisishia, lakini haikuwezekana.

Salale tukakuta masharti. Bi Muzdalifa, shangazi yake bibi harusi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha watu. Singo ni ya wanawake, alisema, jicho la mwanamume halipiti. Bendi ikae nyuma ya turubai, ipige bila kuona. Abdulrazaq akakubali. Nami nikakaa huko nyuma na wanaume, kwa sababu spika ilikuwa huko na waya wangu ulikuwa huko.

Tulianza baada ya Adhuhuri. Abdulrazaq akawasha mdundo wa kinanda, uleule unaowapagawisha vijana wa Ikwiriri, nami nikaufuata. Upande wa pili, kimya. Hakuna kigelegele. Wimbo wa pili, kimya. Katika wa tatu nikasikia makofi, nikadhani tumewapata. Makofi hayakuwa yetu. Wanawake walikuwa wanajipigia wenyewe, polepole, mwendo wao wa kiuno, juu ya kelele zetu. Abdulrazaq akafanya kosa la watu wa barabara kuu wakija delta: akaongeza sauti. Makofi nayo yakaongezeka. Tulikuwa tunagombana na watu waliotualika, na wao ndio waliokuwa wanashinda.

Turubai likatikisika. Sauti ya Bi Muzdalifa ikapita, ya upole kabisa, na upole huo ndio ulionitisha. "Mwambieni mwenye kinanda apumzike, baba. Chakula kipo. Sisi tutajipigia vigoma vyetu."

Hakuna aibu kubwa kuliko kufukuzwa kwa pilau. Abdulrazaq akageuka, uso umemwiva, akanitafuta mimi. "Besi ndiyo inatuzamisha. Nassibu, chomeka la kwako."

Nikamwona mama na mchi wake, nikamwona Mjomba amekaa barazani na mkono wake mapajani anangoja habari. Nikajua kabisa tatizo si vidole vyangu. Tatizo ni kwamba miguu ilikuwa kule na mimi nilikuwa huku.

"Nipe wimbo mmoja," nikasema. "Naingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa wanawake. Mimi si mwanamke?"

Sikungoja jibu. Nikainua turubai, nikaingiza mguu, na hapo ndipo waya ulipoisha.

Sitoki, nilijiambia. Wakitaka wanibebe. Kisha nikasikia mtu anachuchumaa nyuma ya kisigino changu. Alikuwa Nassibu. Gitaa lake jekundu lilikuwa limeshatoka mfukoni, na alikuwa anachomoa ncha ya waya wake mrefu kutoka kwenye gitaa hilo.

"Na wewe utapigia nini?" Abdulrazaq akamuuliza.

"Sipigi. Huku nyuma hata mimi sioni kitu." Akaupenyeza waya chini ya turubai bila kuchungulia, uso kaugeuzia pembeni, kijana wa watu ana adabu zake. "Chukua, dada. Lakini usiukanyage."

Nikachomeka, nikaingia mzima.

"Wewe mtoto wa nani?" Bi Muzdalifa akauliza.

"Wa Mwajabu binti Saidy, wa Mtawanya."

"Gitaa la mumeo?"

"Langu, shangazi."

Akanitazama kuanzia mtandio mpaka chini. "Haya. Vua viatu, mikeka hiyo."

Nikavua. Nilipogusa nyuzi umeme wa jenereta ukanitekenya vidole mpaka kwenye kiwiko. Kila mpiga besi anaujua ule umeme; ukiwa peku kwenye ardhi yenye unyevu, unakukumbusha mauti. Nikavua kanga yangu ya juu, nikaikunja mara nyingi, nikaikanyaga. Ukapungua, haukuisha. Nikasema potelea mbali, leo tutakufa wote.

Nyuma ya turubai mdundo wa Abdulrazaq ukaanza tena, uleule wa mbio. Sikuufuata. Nilitazama miguu. Wanawake walikuwa wamekaa, miguu imekunjwa, lakini katikati yao bibi harusi alikuwa amefunikwa kanga kichwani mpaka magotini, kakatazwa kutikisika. Nyayo zake zenye hina tu ndizo zilizokuwa nje. Na kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinainuka na kushuka, kidogo kidogo, kwa siri, kikifuata makofi ya shangazi zake. Mchi unapanda, mchi unashuka.

Nikaweka sauti yangu hapo.

Kwa muda ikawa fujo tupu. Kinanda kinakimbia, mimi nakwenda pole, makofi yako na mimi. Yeyote mwenye masikio aliweza kusikia kwamba mmoja lazima aache. Sikuacha. Nilipiga sauti moja, ileile, nzito, nikiing'ang'ania, umeme unaniuma vidole, namwomba Mungu na kumtukana Abdulrazaq kwa pumzi moja.

Mdundo ukazimwa.

Palibaki besi na makofi. Nadhani sijawahi kuogopa vile tena maishani. Kisha kinanda kikarudi taratibu, bila mdundo wa mashine, kikanyemelea nyuma yangu na kunifuata. Bibi mmoja mzee akainuka, akajifunga kibwebwe, akatoa kigelegele kilichowaamsha wengine wote. Bi Muzdalifa alipita mbele yangu anazungusha kiuno, akaninong'oneza, "Ulikuwa wapi tangu mchana, mwanangu?"

Tulipiga mpaka alasiri ikapita. Vile vigoma vyao havikuguswa.

Asubuhi yake tulirudi kwa boti, mikoko ikaanza kuwa michache na paa za Nyamisati zikaonekana. Nassibu alikuwa amelala, kichwa juu ya mfuko wa gitaa lake. Waya wake ulikuwa mapajani mwangu, nimeuzungusha kama alivyokuwa ameuzungusha mwenyewe.

Abdulrazaq aliutazama, akatazama maji, akakohoa.

"Huo mrudishie mwenyewe," alisema. "Kabla hatujaenda kupiga harusi ya Ngorongo uwe na wa kwako."