Kigoda cha Waliokosa

Huseni alikuwa amekaa kwenye kigoda cha waliokosa, amenuna, magurudumu bado yako miguuni. Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega," akasema, macho yake yakiwa mchezoni.

"Ndugu wanane wanakimbizana kutwa, na hakuna anayemshika mwenzake."

Jibu alikuwa amelivaa. Ndiyo maana nilikipenda kitendawili kile.

Kigoda kilikuwa changu, kando ya beseni langu la ndagala, dagaa wa kuuza, mbele ya nyumba yetu pale Bwiza, Bujumbura. Mwaka ule wa 1995 ilikuwa ikitangazwa siku ya ville morte, mawe na matairi yanalazwa njia panda, magari hayapiti, maduka yanafungwa. Watu wazima walijifungia na hofu zao. Mimi nilitoa beseni nje, maana hata mji uliokufa unakula. Watoto wao waliona lami tupu. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa amekimbia nchi akaacha sanduku la patini, viatu vya magurudumu manne manne. Shaabani, fundi wa magari, akazikaza nati, akawakatia watoto fimbo za mpera zilizopinda kichwa, na kandambili kuukuu ikachongwa kuwa mpira. Magoli yalikuwa ndoo. Shaabani mwenyewe ndiye refa, filimbi shingoni. Akiipuliza, kila mtu anasimama alipo. Anayeinua fimbo juu ya kiuno, anayemkwatua mwenzake, anayebisha, anatoka na kuja kukaa kwangu, na timu yake inabaki pungufu.

Hapo nikaongeza sheria yangu. Ukitegua kitendawili, unarudi uwanjani. Ukishindwa, unanipa mji, nakutajia jibu, na unakaa mpaka goli lifungwe. Walinipa Paris, wakanipa Brussels, Kigoma, Dubai. Bujumbura hakuna aliyenipa. Walisema ni ghali.

Mjukuu wangu Valéry ndiye aliyekizoea kigoda kuliko wote. Nilimwita bwana yangu, naye alinijibu kibwana, kwa kununa. Hakuwa mgomvi, ila ukimgusa, mkono wake umeshafika. "Ni ye alinianza, bibi," alikuwa akisema, na ilikuwa kweli. Lakini refa hamwoni anayeanza. Humwona anayerudisha.

Nami nilikuwa na hofu isiyo ya mchezo. Siku zile kijana aliyerudisha kofi njia panda hakurudi nyumbani. Kwa hiyo nilimfundisha pale pale kigodani: adhabu ya bure ni ile unayoitafuta mpira ukiwa mbali. Wakikusukuma, fimbo chini. Wakimtukana mama yako, fimbo chini. Polepole nikaanza kumwona akimeza hasira, inashuka kooni kama muhogo mkavu, na fimbo inabaki chini. Usiku nililala.

Siku ile Valéry hakuwa amekaa kwangu hata mara moja. Mpira ulikuwa kule kwenye ndoo, Huseni akamchapa fimbo ya kifundo, bure tu, kwa uchungu wa kufungwa. Valéry akayumba. Fimbo ikabaki chini. Kisha akageuka kutazama kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Filimbi ikalia, Huseni akaja kwangu, nikamtegea.

Alikuwa bado anakuna kichwa pikapu ilipoingia, imejaa vijana wasio wa mtaa wetu. Shaabani akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akitaka watoto wakimbie. Lakini watoto walijua kitu kimoja tu kuhusu filimbi ile.

Wakasimama.

Nikamtupia Huseni kitenge, nikamfunika miguu na magurudumu. Kijana mmoja akanijia, akauliza huyu nani. Nikasema ni mjukuu wangu, ana malaria. Nikanyoosha mkono barabarani. "Na yule pia ni wangu. Yule wa shati la njano."

Alicheka bila ubaya, kama mtu aliyechoka. "Bibi, leo kila mutoto ni wako."

Walimsukuma Valéry kifuani. Akainama, akailaza fimbo juu ya lami taratibu, akanitazama tena. Wakampakia pamoja na wenzake.

Hakuna aliyerudi. Niliulizia mtaa wa Mutakura, niliulizia mpaka Ruziba, nikiwaonyesha picha yake ya komunyo watu waliokuwa wakitazama pembeni. Baadaye wakubwa wakatia sahihi amani, wakapeana mikono mbele ya kamera. Sikuona mtu aliyetolewa nje, hata kwa muda wa goli moja.

Huseni sasa ana watoto wake, na gereji aliyoachiwa na Shaabani. Kutwa anashika magurudumu. Jumapili huja, hukaa kwenye kigoda kile kile, magoti karibu na kidevu.

"Kitendawili," namwambia.

"Tega, bibi."

Namtegea kile kile. Anatazama miguu yake kwa muda mrefu. "Sijui," anasema.

"Basi nipe mji."

Miaka yote hajanipa hata mmoja. Jumapili iliyopita alisema, kwa sauti ya chini, "Chukua Bujumbura."

Nikamwambia huo siutaki. Akabaki amekaa.