Wasio na Vichwa Getini

Muuguzi wa wodi ya figo alikuwa akimbadilishia shuka shangazi yake, aliyelazwa kitanda cha dirishani, alipochungulia nje na kumwona mtu asiye na kichwa akibishana na mlinzi wa geti. Mtu huyo alivaa suti iliyopigwa pasi vizuri.

"Majibu yangu ya damu?" shangazi aliuliza. "Daktari anayasubiri kabla ya kunichoma ile dawa."

"Bado. Mashine ya maabara huyatuma yenyewe kwa barua pepe. Sijui yamekwama wapi."

Akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Seva mpya haipokei barua isiyo na kichwa kamili," fundi alisema. "Kichwani inataka tarehe, utambulisho na jina la mtumaji. Barua za mashine hazina. Inazirudisha."

"Lakini mashine si yetu wenyewe?"

"Ni yetu, dada. Ila ndivyo seva ilivyopangwa."

Hadi adhuhuri wasio na vichwa walikuwa wamejaa getini, wametulia juani. Muuguzi akashuka. Kila mmoja alikuwa na sentensi yake moja, aliyoitoa kooni kwa upole: mtoto fulani hana malaria, mzee fulani aongezewe damu. Sauti zikamchanganya. Alimwuliza huyu, akajibiwa na yule.

"Usiwazibie watu njia, dada," mlinzi alisema. "Wanaoingia ni wenye vichwa tu."

Mwishowe akamfikia mwanamke wa gauni la kijani. "Figo za mama wa dirishani zimezidiwa," alikuwa akisema. "Msimchome ile dawa."

Muuguzi akapanda ngazi mbio. Daktari alikuwa ameshamchoma, anavua glavu. Alisubiri majibu, alieleza, na yalipokosekana akaona mambo ni shwari. Shangazi alikata roho jioni ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa mpwa wake.

Baada ya mazishi, uongozi ulikutana. Seva ilisifiwa kwa kuzuia matapeli. Kwa wasio na vichwa, wakakubaliana kuweka turubai na mabenchi, wasiumie na jua.

Muuguzi alitafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Fundi alikuja kumpa pole. Mlinzi alilia msibani kuliko ndugu wengine.

Yule wa gauni la kijani hakuondoka. Kila mara muuguzi alipopita kwenda kazini, alimwambia, "Msimchome ile dawa." Asubuhi moja muuguzi akasimama mbele yake, akamwomba anyamaze, akamwomba tena kwa machozi.

Mwanamke hakumsikia. Hakuwa na masikio.