Mto Kati ya Magoti

"Yesu wangu! Unanifanya nini wewe?"

Bibi Shafika alifumbua macho akakuta mikono ya mtu iko chini yake, mmoja begani, mwingine nyongani, inamvuta taratibu alalie ubavu wa kushoto. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba nzima ya mafungo imelala, na hata bahari ya Abu Talat dirishani ilikuwa kimya. Mwenzake wa chumbani, Nargis, alikuwa amemwinamia, nywele timtim, macho wazi lakini hayaoni kitu.

"Mama Damiana! Amka, mwenzangu!"

Nargis akashtuka. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Alikuwa ameshachomeka mto kati ya magoti ya yule bibi, ili mfupa usisuguane na mfupa.

"Nisamehe, bibi. Nilidhani... Basi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilidhani nimekufa, malaika wananiosha. Tena malaika wenye mikono migumu hiyo!" Bibi Shafika alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamkatika.

Hakuna mtu wa kanisa letu pale Shubra asiyejua habari za Damiana, binti yake Nargis. Alizaliwa na mwili usiomtii. Baba yake alikwenda Kuwait kutafuta kazi, akasahau njia ya kurudi. Nargis akabaki peke yake, akamlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza. Kumgeuza ndiko kulikokuwa kazi hasa: kulia, chali, kushoto, mchana na usiku, maana mtu asiyegeuzwa huoza akiwa hai. Binti akawa mrefu kuliko mama yake, na mwilini hakuwa na kidonda hata kimoja. Watu walimsifu sana Nargis kwa hilo. Kumsifu ni rahisi. Wa kumpokea zamu hakutokea.

Kwaresima iliyopita kifua kilimbana Damiana, akaenda zake. Ilipokwisha misa ya arobaini, Abuna Bisenti, padri wetu, alimwita mama mtu nje ya kanisa.

"Tunakwenda mafungo baharini, binti yangu. Nawe njoo, ukapumzike."

Masikini Abuna, hakujua ametamka neno gani. Binti akiwa hai, kila jioni, mbele ya picha ya Bikira, Mama wa Nuru, Nargis alikuwa akiomba hilo hilo: nipumzishe, japo kidogo tu.

Mafungo yenyewe yalikuwa mazuri, hilo lazima lisemwe. Nargis alikula ful, maharagwe ya kuchemsha, na mkate wa moto bila kuinuka mezani. Alikaa na wanawake wakichambua majani ya mlukhiya ya mboga, wakimsengenya dereva wa basi, akajikuta anacheka. Na lile somo la Eliya! Abuna alisema nabii alipochoka akaomba afe, Mungu hakumkaripia. Alimlaza usingizi, akamwamsha ale mkate, akamwacha alale tena, ndipo akamtuma safari. Miaka yote Nargis hakuwahi kusikia mahubiri mpaka mwisho. Kila mara Damiana alilia, naye akamtoa nje. Sasa alisikiliza neno kwa neno, yakamwingia, yakawa matamu. Utamu huo ndio uliomuumiza. Aliuonea haya, kama mtu anayekula vizuri msibani.

Asubuhi ya mwisho walikaa duara. Tasoni Irini, yule dada mtumishi aliyeongoza mafungo, akataka kila mmoja aseme jambo moja la shukrani.

"Namshukuru Mungu, sijashika sufuria tangu nije!"

"Mimi namshukuru mama mkwe alibaki Shubra!"

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Zamu ikamfikia Nargis.

"Na wewe, Mama Damiana?" Tasoni alimwuliza kwa upole. "Umepumzika?"

Nargis aliitazama mikono yake. "Niliomba kupumzika," alisema. "Nikapewa. Sasa mnataka niseme asante?"

Akainuka, akatoka.

Bibi Shafika alimkuta chumbani amelala chali juu ya shuka, na viatu vyake miguuni, mkoba wa safari kando. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akihema kwa kupanda ngazi.

"Alikuwa mzito?"

"Nani?"

"Binti yako."

"Mwishoni, ndiyo. Mzito sana."

"Basi ulichoka."

Nargis aliangalia dari. "Nilichoka, bibi. Nilichoka hata siku nyingine nilimgeuza kwa hasira, namsukuma kama gunia. Naye ananichekea. Alidhani tunacheza. Alikuwa akinichekea, bibi."

Yule mwanamke mwenye maneno mengi alitoa leso, akapenga kamasi zake mwenyewe.

"Ulipotoka nilisema yangu," alisema hatimaye. "Niliwaambia namshukuru Mungu kwa kuwa jana niligeuzwa. Tangu marehemu mume wangu afe hakuna mtu aliyenigusa, ila kwa salamu. Wakatazamana. Wameniona nimezeeka vibaya."

Akavua miwani. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega la Nargis, mwingine nyongani, akavuta. Nargis hakusogea. Akavuta tena, akatweta.

"Jisaidie basi! Mimi ni kikongwe, sina nguvu zako."

Nargis akajiachia. Mwili wake ukageuka kwa vipande, bega kwanza, kisha kiuno, akaelekea ukutani. Hakuna aliyewahi kumgeuza. Bibi Shafika akatafuta mto, akauchomeka kati ya vifundo vya miguu.

"Juu zaidi," Nargis alisema, macho ameyafumba, machozi yakimshuka puani. "Kwenye magoti."

Mto ukapanda mpaka kwenye magoti.

Huko nje dereva akapiga honi, wanawake wakaanza kuitana na kuburuta mabegi. Bibi Shafika akamvua Nargis viatu, kimoja, kisha cha pili, akavipanga chini ya kitanda.